Ndoa Tunaitangaza Jumapili Tatu, Uwaziri Je?





Kijana wa Igalula akitaka kumwoa binti wa Goweko, hawaendi altareni kimyakimya. Majina yao husomwa kanisani Jumapili tatu, pamoja na majina ya wazazi, vigango na jumuiya zao, na waamini huombwa kusema kama wanajua kizuizi chochote. Wala si ombi tu. Kanuni ya 1069 ya Sheria ya Kanisa inawadai waamini wote wenye kujua kizuizi wakitaje kwa paroko au Askofu kabla ndoa haijafungwa. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaoelekea Daraja Takatifu: kanuni ya 1043 inawawajibisha waamini kufichua vizuizi wanavyovijua. Sijapata kumsikia bwana arusi akilalamika kwamba ametukanwa kwa kutangazwa, wala shemasi akidai kwamba Askofu amefungwa mikono kwa sababu waamini wameulizwa habari zake.

Basi nawaulizeni, wapendwa. Ikiwa watu wawili wanaotaka kujenga nyumba moja hutangazwa Jumapili tatu, yule atakayekabidhiwa hospitali zote za nchi, au mbolea ya wakulima wote, au bunduki za polisi wote, hutangazwa Jumapili ngapi? Jibu mnalijua. Hatangazwi hata moja. Tunalisikia jina lake redioni jioni, katika taarifa ya uteuzi, na baada ya siku chache tunamwona akiapa. Tukiwa na la kusema, tunalisema kilabuni au chini ya mwembe, mahali ambapo halimfikii yeyote mwenye mamlaka.

Juma hili nataka kusema wazi: utaratibu huu si mwema, nao unapaswa kubadilika. Viongozi wakuu wa Serikali wanaoteuliwa na Rais wapelekwe kwanza mbele ya Bunge, wahojiwe hadharani, wananchi wapewe nafasi ya kutoa ushahidi, na Bunge liwakubali au liwakatae kabla hawajashika kazi. Nasema mawaziri, nasema Jaji Mkuu, nasema Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nasema Mkuu wa Jeshi la Polisi na mkuu wa chombo cha kuzuia rushwa, nasema wale wanaosimamia uchaguzi wetu.

Tuanze na Katiba yetu ya mwaka 1977 inavyosema leo. Ibara ya 36 inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka na ya kuwateua viongozi wake. Ibara ya 55 inamwezesha kuteua mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Ibara ya 61 inamkabidhi uteuzi wa wakuu wa mikoa ya Tanzania Bara. Ibara ya 118 inamkabidhi uteuzi wa Jaji Mkuu, na ibara ya 143 ule wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Katika orodha hiyo yote hamtakuta mahali ambapo mbunge wa Igalula, au wa jimbo lingine lolote, anaulizwa: je, huyu anafaa?

Bunge letu huulizwa kuhusu watu wawili tu katika ngazi ya juu kabisa ya Serikali. Wa kwanza ni Waziri Mkuu. Ibara ya 51 inasema kwamba ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka, Rais atamteua Waziri Mkuu kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo, naye hatashika kazi mpaka uteuzi wake uthibitishwe na Bunge kwa wingi wa kura. Wa pili ni Makamu wa Rais, pale tu kiti chake kinapokuwa wazi katikati ya kipindi: ibara ya 37 inataka jina linalopendekezwa na Rais lithibitishwe na Bunge.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba uthibitisho ni jambo geni, lililoletwa kutoka Ulaya na watu wasioipenda nchi yetu. Tayari limo ndani ya Katiba yetu. Swali ni kwa nini limewekewa mipaka finyu kiasi hicho, na kwa nini hata pale lilipo tunalitimiza kwa haraka ya mtu anayekimbilia treni.

Tazameni linavyofanyika. Tarehe 19 Novemba 2015 bahasha ilipelekwa bungeni Dodoma, Spika akaifungua mbele ya wabunge, na jina la Kassim Majaliwa likasomwa. Kabla ya siku hiyo kwisha, kura zilikuwa zimekwisha kupigwa: 258 za ndiyo, 91 za hapana, na 2 zilizoharibika. Tarehe 12 Novemba 2020 jina lake lilirudi bungeni, naye akathibitishwa siku hiyohiyo bila kura hata moja ya hapana. Tarehe 30 Machi 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli na kuapishwa kwa Rais Samia Suluhu Hassan, Bunge liliombwa kumthibitisha Philip Mpango kuwa Makamu wa Rais. Alipata kura zote 363, siku ileile jina lake liliposomwa. Na tarehe 13 Novemba 2025 jina la Mwigulu Nchemba lilipelekwa bungeni kwa nafasi ya Waziri Mkuu, likasomwa na kuthibitishwa siku hiyohiyo.

Sisemi neno lolote baya juu ya watu hawa. Wala hoja yangu haiwahusu wao. Nauliza tu: mbunge anayelisikia jina asubuhi na kulipigia kura mchana amepata saa ngapi za kuchunguza? Mkulima wa Loya mwenye habari muhimu juu ya mteule angeipeleka wapi, na kwa basi gani, ili ifike Dodoma kabla ya kura? Bahasha iliyofungwa hufanya tukio la kusisimua, lakini Waswahili wana jina la biashara ya namna hiyo. Huitwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mbuzi aweza kuwa mnono kabisa. Bado mnunuzi mwenye akili hufungua gunia kwanza.

Zipo hoja zinazotolewa dhidi ya jambo hili, na haki inataka tuzisikilize moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza inasema: Rais amechaguliwa na wananchi, basi aachiwe achague wasaidizi wake, kumpeleka bungeni ni kumfunga mikono. Hoja hii ina heshima yake, nami siipuuzi. Lakini tuipime. Mbunge naye amechaguliwa na wananchi. Aliyepiga kura moja kwa Rais alipiga nyingine kwa mbunge, siku ileile, katika kituo kilekile. Kama kura ya kwanza inampa mtu haki ya kuteua, kwa nini ya pili isimpe mwingine haki ya kuuliza? Tena waziri si mtumishi wa nyumbani kwa Rais. Mshahara wake hutoka katika kodi ya chumvi na sabuni inayonunuliwa hapa stesheni. Maamuzi yake hugusa bei ya tumbaku, dawa katika zahanati na walimu katika shule zetu. Mwenye nyumba huchagua mpishi wake peke yake kwa sababu chakula kikiungua ni yeye atakayelala na njaa. Mpishi wa Serikali akiunguza, tunaolala na njaa ni sisi.

Na kumbukeni kwamba Bunge halimchagulii Rais mtu. Jina hutoka kwake daima. Bunge linasema tu, huyu ndiyo, au huyu hapana, tuletee mwingine. Katika Marekani, mwezi Machi 1989, Seneti ilimkataa John Tower, aliyependekezwa na Rais George Bush kuwa Waziri wa Ulinzi, kwa kura 53 dhidi ya 47. Tower alikuwa amekaa miaka mingi katika Seneti hiyohiyo. Wengi waliomkataa walikuwa wamefanya naye kazi. Rais alipeleka jina jingine, likakubaliwa, na nchi ikaendelea. Hakuna mkono uliofungwa. Aliombwa tu afikiri mara ya pili.

Hoja ya pili inasema: Waafrika tuna mila zetu, na mkubwa akisema amesema. Hoja hii inanishangaza zaidi ikitolewa na mtu wa Unyamwezi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuja kupitia Ugogo, ikaingia Tura, Rubuga na Kigwa, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji. Babu zetu waliipita miguu chini wakiwa na pembe na vitambaa mabegani. Mwenye mali ya msafara mara nyingi alikuwa tajiri wa pwani, lakini aliyetembea mbele, mwenye kujua njia na visima, alikuwa kirangozi. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa ujira, aliyejua thamani ya kazi yake. Alipopoteza imani na wanaomwongoza, au posho ilipopunjwa, hakusema “mkubwa amesema.” Alishusha mzigo chini. Maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 yamejaa manung’uniko ya wenye misafara waliokwama porini kwa sababu wapagazi wamegoma au wameondoka usiku. Watu waliobeba mzigo walijua kwamba wana haki ya kumwamini, au kutomwamini, anayewatangulia. Sisi wajukuu zao tumebeba mzigo mzito zaidi, nasi tunaambiwa kwamba kuuliza ni utovu wa adabu!

Hoja ya tatu ni ya wale wanaosema: Baba Paroko, Kanisa lenyewe halipigi kura, Papa huteua Askofu, na Askofu hukuteua wewe. Unatupa mawe ukiwa katika nyumba gani? Swali zuri, nalo nalipokea. Ni kweli kwamba Kanisa si bunge. Lakini si kweli kwamba Kanisa huteua bila kuuliza. Kabla ya Askofu kuteuliwa, watu wengi huhojiwa juu ya imani yake, mwenendo wake na afya yake. Kabla ya paroko kuteuliwa, kanuni ya 524 inamtaka Askofu apime kwa makini nani anafaa, ashauriane na dekano, na ikibidi awasikilize mapadre na walei. Na turudi kwenye chimbuko lenyewe. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume kulizuka manung’uniko kwamba wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Angalieni kwamba lilikuwa suala la chakula na ugawaji wake, yaani suala hasa la Serikali. Mitume, waliokuwa na mamlaka kutoka kwa Bwana mwenyewe, hawakutoa bahasha. Waliwaita wanafunzi wote, wakataja sifa zinazotakiwa, wakawaachia jumuiya kuwatafuta watu saba wenye sifa hizo. Kisha wao wakaomba na kuwawekea mikono. Naye Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, anaagiza kwamba mashemasi wapimwe kwanza, ndipo watumikie. Kupima kwanza, kutumikia baadaye: sisi katika nchi yetu tumeupindua mpangilio huo.

Na tumeona matokeo ya kuupindua. Mwezi Februari 2008, Kamati Teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe ilileta bungeni taarifa juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri wawili wakaondoka. Kiti cha Spika kilikuwa chini ya Samuel Sitta, mtu wa Urambo katika mkoa wetu huu. Mwezi Desemba 2013, baada ya ripoti ya kamati ya Bunge juu ya mateso waliyopata raia katika Operesheni Tokomeza, mawaziri wanne waliachia nafasi zao. Tunawapongeza wabunge wa nyakati hizo kwa kusema kweli. Lakini tazameni mahali ukweli ulipokuja: baada ya fedha na baada ya machozi. Bunge letu limeruhusiwa kuwa zimamoto, halijaruhusiwa kukagua jiko. Sidai kwamba mahojiano yangeyazuia mabaya yote hayo. Mwanadamu hupita mtihani na kuanguka baadaye. Nadai kwamba mtu aliyesimama mbele ya taifa akaulizwa na akaahidi, huwa na ahadi inayoweza kusomwa tena mbele yake. Waziri wetu wa leo hakuahidi lolote kwetu. Ameapa mbele ya aliyemteua, na kwa hiyo jicho lake humtazama aliyemteua.

Lipo pia jambo la Mkaguzi. Mwaka 2019, mwezi Aprili, Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, kwa sababu ya kauli yake juu ya udhaifu wa Bunge. Mwezi Novemba mwaka huohuo akateuliwa mwingine kushika nafasi hiyo, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwa Profesa Assad hakukufuata Katiba. Mkaguzi ni jicho la Bunge na la wananchi juu ya hazina. Iweje jicho letu liwekwe na kung’olewa na mkono uleule linaotakiwa kuuangalia, huku Bunge halina neno katika kuliweka? Mkaguzi aliyethibitishwa na Bunge angekuwa na miguu miwili ya kusimamia, si mmoja.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nami sitaikwepa. Wengine wananiambia: Bunge letu karibu lote ni la chama kimoja, utathibitisha nini pale? Watapiga makofi na kugonga muhuri, na sisi tutakuwa tumeongeza gharama na posho tu. Tena wabunge wanaweza kulitumia jambo hili kwa kisasi.

Ndugu zangu, hatari hizo zipo, na majirani zetu wanazifahamu. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, inataka mawaziri, Jaji Mkuu, Mkaguzi Mkuu na Inspekta Jenerali wa Polisi waidhinishwe na wawakilishi wa wananchi, na mwaka 2011 ikatunga sheria ya kuongoza uidhinishaji huo. Mwaka 2015 Bunge la Taifa lilimkataa Dkt. Monica Juma kwa nafasi ya Katibu wa Baraza la Mawaziri, baada ya wabunge kukasirishwa na barua yake iliyolalamikia wabunge kufuata upendeleo ofisini kwake. Hapo kisu kiligeuzwa kumkata mtu aliyesema kweli. Mwaka 2022 kamati ilipendekeza Peninah Malonza akataliwe, lakini Bunge likampitisha. Mwezi Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana na Rais William Ruto kulivunja karibu Baraza lote la Mawaziri, kati ya walioletwa 20 alikataliwa mmoja tu, Stella Lang’at. Nayo Uganda, ambayo Katiba yake ya mwaka 1995 inataka mawaziri waidhinishwe na Bunge, hufanya mahojiano hayo katika kamati iliyofunga mlango.

Kwa hiyo sidanganyi kwamba uthibitisho ni dawa ya kila ugonjwa. Lakini angalieni tofauti iliyobaki. Mkenya wa Kitui au Kakamega aliweza kuketi mbele ya runinga akamsikia mteule akitaja mali zake ni kiasi gani, akiulizwa habari za kesi zake, akieleza anajua nini kuhusu wizara anayoitaka. Mwananchi mwenye pingamizi aliweza kulipeleka kwa maandishi na kiapo. Hata waliopita wamepita wakiwa wamefahamika. Na Dkt. Juma aliyekataliwa mwaka 2015 aliletwa tena mwaka 2018 kwa Wizara ya Mambo ya Nje, akaidhinishwa. Maana kosa lililofanyika hadharani laweza kusahihishwa hadharani. Kosa linalofanyika gizani nani atalisahihisha?

Tena hoja ya kwamba Bunge ni dhaifu, basi lisipewe kazi, ni kama kusema mtoto hajui kutembea, basi asiwekwe chini kamwe. Bunge hujifunza uzito wake kwa kubebeshwa mzigo. Zile kura 91 za hapana za mwaka 2015 hazikumwangusha mtu, lakini zilimwambia Waziri Mkuu kwamba wako Watanzania anaopaswa kuwashawishi.

Hata hivyo, liko sharti moja ambalo bila hilo yote yatakuwa mchezo. Kwa Katiba yetu waziri lazima awe mbunge, na Rais anaruhusiwa kuteua wabunge hadi 10. Maana yake ni kwamba mbunge anayemhoji mteule leo anatumaini kuteuliwa kesho. Atamuulizaje kwa ukali mwenzake, akijua kwamba mwenye kalamu anasikiliza? Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, baada ya kuzunguka nchi nzima kukusanya maoni, iliyaona mambo haya mawili kwa pamoja. Rasimu zake za mwaka 2013 zilitaka mawaziri wasiwe wabunge, na uteuzi wao uthibitishwe na Bunge. Maoni hayo yalitoka kwa watu kama ninyi, waliosimama katika mikutano ya mabaraza na kusema. Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilibadili mengi katika Rasimu hiyo, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, isifanyike. Mawazo ya wananchi yamebaki kabatini. Hayajaoza, yanangoja mtu wa kuyatoa.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma shule hapa Tabora na baadaye akafundisha Mtakatifu Maria, alikiri waziwazi kwamba Katiba ilimpa mamlaka ya kutosha kuwa dikteta kama angetaka. Wengi hulitaja neno hilo kumsifu kwa sababu hakutaka. Mimi naona alikuwa akituonya. Nchi haipaswi kutegemea kwamba kila atakayekuja atakuwa mwema. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba ni afadhali kila mamlaka yasawazishwe na mamlaka mengine yanayoyaweka katika mipaka yake, ili itawale sheria na siyo utashi wa mtu. Huo si upinzani dhidi ya Serikali. Ni mafundisho ya jamii ya Kanisa.

Wako watakaoniuliza kama padre ana haki ya kuyasema haya. Sheria ya Kanisa inanikataza kushika madaraka ya kiserikali na kushiriki kwa bidii katika vyama vya siasa, nami naitii kwa furaha. Sipendekezi jina la yeyote, wala simpingi yeyote. Nauliza juu ya mlango ambao majina yote hupitia, ya chama chochote na ya dini yoyote. Kama mlango hauna mlinzi, si kosa la anayepita tu. Ni kosa letu wenye nyumba.

Mwisho, wapo wanaohofia masingizio. Wanasema mahojiano ya wazi yataleta majungu, udini na ukabila. Masingizio ni dhambi kubwa, na anayemsingizia mteule atalijibu mbele ya Mungu. Lakini majungu hustawi zaidi mahali pasipo na kikao halali cha kuyapima. Ndiyo maana ushahidi utolewe kwa maandishi na kwa kiapo, mteule apewe nafasi ya kujibu, na kamati itoe sababu zake kwa maandishi. Mwongo ataogopa kiapo. Msema kweli hataogopa.

Nini basi tufanye sisi wa Igalula, tusiokaa Dodoma? Mambo matatu. Katika jumuiya zenu juma hili, someni Matendo ya Mitume sura ya sita, aya ya kwanza hadi ya sita, mkajadili kwa nini Mitume hawakuteua peke yao. Pili, mbunge wa jimbo letu akija, msimwombe fulana na mchango wa harambee tu. Mwulizeni kwa heshima: utakubali Bunge liwathibitishe mawaziri na Mkaguzi, au utakataa, na kwa sababu gani? Andikeni jibu lake. Tatu, tuanze nyumbani. Tunapomweka mweka hazina wa kigango, au mwenyekiti wa chama cha msingi cha tumbaku, tusipitishe jina kwa kupiga makofi eti kwa sababu limeletwa na mkubwa. Tuulize, tusikilize, ndipo tukubali. Watu wasiouliza kigangoni hawatafundisha wabunge kuuliza bungeni.

Tukiweza kusubiri Jumapili tatu ili nyumba moja isijengwe juu ya uongo, twaweza kusubiri majuma matatu kwa ajili ya taifa.

Nawatakieni juma jema lenye baraka tele. Mama Bikira Maria atuombee, na Mungu aibariki nchi yetu.

Paroko wenu